Nirudishie Makosa Yangu

Watiri alifungua tasnifu yake ukurasa wa mia na kumi na mbili akiwa bado amesimama kaunta, na papo hapo akatamani kumpiga mtu.

Jalada halikuwa na ubaya wowote. Lilikuwa la buluu iliyokolea, herufi za dhahabu, jina lake limekaa vizuri kwa Kiarabu. Balaa lilikuwa ndani. Kwenye majedwali ya sampuli, safu ya kulia ilitakiwa ionyeshe sentensi kama mwanafunzi alivyoiandika, na makosa yake yote. Safu ya kushoto ilitakiwa ionyeshe sentensi hiyo hiyo ikiwa imesahihishwa. Sasa safu zote mbili zilikuwa pacha. Akafungua ukurasa wa pili, pacha. Wa tatu, pacha. Makosa mia nne na kumi na mawili, aliyoyakusanya kwa miaka mitatu, yalikuwa yamefutwa yote, hata moja halikubakizwa la kumfariji.

Na hayo makosa ndiyo yaliyokuwa utafiti wenyewe. Watiri alikuwa anaandika juu ya makosa ya wanafunzi wa uzamili wanaoandika Kiarabu cha kitaaluma na hali hawakuzaliwa nacho, watu kama yeye, watoto wa wakulima wa viazi na majani chai, wanaofikiri kwa Kikuyu au Kimeru, wanapanga sentensi kwa Kiingereza, halafu wanaivika Kiarabu na kuomba Mungu. Kuyafuta ni kama kuandika kitabu cha magonjwa ya ng'ombe, halafu mtu aje awaponye ng'ombe wote waliomo kwenye picha.

"Tabby!" alifoka. "Nani amegusa kazi yangu?"

Tabby ndiye aliyekuwa mwenye duka lile la kuchapa na kujalidi, ghorofa ya kwanza, juu ya agroveti, duka la mbegu na dawa za mifugo, katikati ya mji wa Nyeri. Tasnifu zote za chuo zilipitia mikononi mwake. Alimtazama Watiri kwa mshangao, mkono mmoja ukiwa bado kwenye mashine.

"Aguse nini? Mimi nimeprint vile ilikuja."

"Umesahihisha!"

"Kusahihisha?" Tabby akaangua kicheko. "Watiri, hiyo maandishi mimi sijui hata inaanzia wapi. Siku ya kwanza nilibind na upande mbaya ukanipigia kelele hapa watu wote wakasikia. Leo ati nimekuwa mwalimu ya Kiarabu?"

Watiri hakucheka. Tabby alipoona hivyo naye akaacha, akageuza kompyuta ili mwenzake ajionee. Faili lilikuwa limekuja Jumapili, saa nane mchana, kutoka kwa Daktari Mbae, msimamizi wa Watiri. Ujumbe ulikuwa mfupi: hii ndiyo ya mwisho, ile ya kwanza ifutwe.

"Mimi nilijua ni wewe umemtuma," Tabby akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Zile tatu za watahini zilienda Jumatatu. Dereva wa chuo alikuja kuzichukua."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Utetezi wa tasnifu ulikuwa Ijumaa saa nne asubuhi. Tarehe thelathini ya mwezi huo huo usajili wa Watiri ulikuwa unakwisha, baada ya miaka mitano, na sheria ya chuo haikuwa na huruma: asiyemaliza jina linaondolewa, na akitaka shahada aanze upya kama mgeni. Watiri alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Hakuwa na miaka mitano mingine ya kuchezea.

Tena Kiarabu chenyewe hakukiomba. Alipomaliza shule aliomba uuguzi, mfumo wa kugawa nafasi ukampa Kiarabu. Kule kwao Mweiga watu wa kanisa walimwombea kwa siri, kisha kwa wazi, wakidhani amebadili dini. Mama yake aliulizwa sokoni kama binti yake bado anakula nyama ya nguruwe. Watiri aliyameza yote hayo, akang'ang'ana na ile lugha mpaka ikamkubali, au tuseme mpaka ikachoka kumkataa. Kisha mtu aketi na kikombe cha chai Jumapili mchana, afute kazi ya miaka mitatu!

Alipanda mpaka chuoni kwa miguu, na kitabu kwapani, na njiani hakuitikia salamu ya mtu.

Daktari Mbae alikuwa mtu wa Chuka, mkuu wa idara, mwenye sauti ya pole na miwani iliyoning'inia kwa uzi shingoni. Wanafunzi walimpenda kwa sababu hakupaza sauti hata siku moja. Alimkaribisha Watiri kiti. Watiri hakuketi.

"Daktari, sampuli zangu ziko wapi?"

"Ziko hapo kwa kitabu."

"Hapa kuna Kiarabu safi. Mimi sikukusanya Kiarabu safi."

Mbae akavua miwani. "Watiri, sikiza. Kila tasnifu lazima iwe na cheti ya lugha. Nani anaandika hiyo cheti? Ni mimi. Cheti inasema nini? Inasema hii kazi haina makosa. Sasa nitaweka sahihi yangu aje kwa kitabu iko na makosa mia nne?"

"Makosa si yangu! Ni ya sampuli!"

"Mtahini wa nje anatoka pwani. Yule mama amesoma Kiarabu akiwa mtoto. Unataka afungue kitabu aone vile watu wa huku tunaandika? Atuchekelee?" Akatabasamu, tabasamu la mzazi. "Nimekusaidia. Siku moja utanishukuru."

Watiri alitoka bila kuaga. Kwenye ngazi alisimama. Alikuwa na hasira, lakini ilikuwa hasira ya kukerwa na mjinga, si na mwovu. Alimwona Mbae kama mzee aliyepiga deki mahali pasipotakiwa maji. Kufikia hapo, wapenzi, Watiri bado alikuwa anamtetea moyoni mwake.

Akaenda maktaba kuokoa kinachookoleka. Sampuli zake zilikuwa ishirini. Kumi za kwanza ziliandikwa na wanafunzi wa darasa lake, na makaratasi yao yalikuwa kwenye sanduku nyumbani. Nambari moja alikuwa yeye mwenyewe. Kumi za mwisho zilitoka kwenye tasnifu za zamani za chuo. Ili asimwonee mtu wala kumpendelea, Watiri hakutaka kujua waandishi wake. Mzee Kingori, mkutubi, ndiye aliyeziteua, akafunika majina kwa karatasi ya kaki, akatoa nakala ya kurasa mbili mbili na kuandika nambari juu. Watiri aliwaahidi wote wenye nambari, walio hai na waliosahaulika, kwamba hakuna atakayetajwa.

"Mzee, nataka zile tasnifu kumi nizione tena," alimwambia Kingori.

Kingori akaingia chumba cha nyuma, akarudi na tisa mikononi.

"Moja iko nje. Namba seventeen. Daktari alikuja akachukua Saturday."

"Daktari gani?"

"Mbae. Alisema ati anataka kukumbuka mahali alitoka. Nikamwambia chukua, si ni yake." Kisha mdomo wa Kingori ukabaki wazi. Mzee alijua amesema neno ambalo kwa miaka miwili alikuwa amelifunika kwa karatasi ya kaki. "Ngai. Watiri, mimi sijasema kitu."

Watiri alikaa kwenye kiti cha karibu. Nambari kumi na saba! Aliikumbuka vizuri kuliko zote. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa na mistari kumi na moja bila nukta hata moja. Kurasa mbili tu, makosa sitini na matatu. Watiri alipoichambua, katika baridi ya mwezi wa saba na vidole vimekufa ganzi, alikuwa amekasirika, akaandika kwenye ukurasa wa mia na kumi na nne sentensi ambayo hakuwa na haja ya kuiandika: kwamba mwandishi wa sampuli hii hakupaswa kupewa shahada, alipaswa kurudishwa darasani.

Mbae alikuwa ameisoma sentensi hiyo. Na hakuifuta, maana kuifuta kungeonyesha wapi panamuuma. Badala yake alifuta makosa yote ya watu wote, mia nne na kumi na mawili, ili sitini na matatu yake yapotee katikati ya umati.

Hapo ndipo hasira yenyewe ilipokuja. Ile ya kwanza ilikuwa ya kupasha moto tu.

"Zile nakala ulizonitolea, nikakurudishia," akamwuliza Kingori, "bado uko nazo?"

Kingori alichungulia mlangoni. Kisha akafungua droo ya chini, akatoa bahasha.

Alhamisi Mbae alipiga simu. Alikuwa amesikia Watiri amefika maktaba. Chuo ni kidogo na kuta zake zina masikio. Hakutaja nambari yoyote. Alisema tu, kwa ile sauti yake ya pole, kwamba kuna njia ya kutoka. Kesho Watiri aseme mchapaji alichanganya mafaili. Watahini wataelewa. Zile sampuli kumi za zamani ziondolewe, zibaki kumi za darasa, na yeye kama msimamizi atahakikisha Watiri anapita na marekebisho madogo, kabla ya tarehe thelathini.

"Fikiria," akasema. "Usiwe na kichwa ngumu. Shahada ni yako."

Na Watiri alifikiria. Msimcheke. Alikuwa Mweiga kwa mama yake, amekaa kwenye kigoda akimenya viazi, na kila kiazi kilimwambia kubali. Nusu ya utafiti ni afadhali kuliko kuanza upya. Mchapaji naye hana hasara, atalaumiwa dakika tano basi. Alilala akiwa karibu amekubali.

Ijumaa asubuhi, akiwa Nyeri tayari, anapanda kilima cha chuo na bahasha ya Kingori mkobani kwa bahati tu, simu ikalia. Alikuwa Tabby, na alikuwa analia.

"Watiri, ati mimi ndio nimeharibu kitabu yako? Ofisi imenipigia saa hii. Ati Daktari ameandika barua. Ati nilichanganya, kazi ya chuo isikuje kwangu tena. Watiri, si ulijionea kwa kompyuta?"

Kumbe Mbae hakusubiri jibu. Alikuwa amekwisha kumtoa mtu kafara, na barua ameandika, na sasa alikuwa anamngoja Watiri ukumbini aje aweke muhuri.

"Usilie," Watiri akasema. Sauti yake ilimshangaza mwenyewe, ilikuwa kavu kabisa. "Nimejionea."

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha mikutano, watu sita na chupa za maji. Kilitakiwa kiendeshwe kwa Kiarabu, na kiliendeshwa hivyo kwa dakika ishirini hivi. Mtahini wa nje, mama mnene wa makamo aliyejitanda mtandio wa kijani, alimsikiliza Watiri mpaka mwisho, kisha akaweka kalamu chini na kuhamia Kiswahili.

"Mwanangu, umeandika kurasa mia na arobaini juu ya makosa. Nimetafuta kosa moja tu kwenye sampuli zako, nimekesha nalo. Sikuliona. Makosa yako wapi?"

Wawili wakacheka. Mbae naye akatabasamu, akainua mkono.

"Profesa, niruhusu. Hiyo ni shida ya mtu wa kuprint. Alichanganya mafaili. Tayari tumechukua hatua."

"Si kweli," Watiri akasema.

Mbae akashusha mkono.

"Tabby hajui herufi hata moja ya Kiarabu. Hawezi kusahihisha makosa mia nne, hawezi kusahihisha hata moja. Aliyefanya hivyo anajua Kiarabu, na alifanya kwa kupenda. Kumsingizia mama wa watu aliyetuchapia kazi zetu miaka yote hii, na kumnyang'anya riziki asubuhi hii kabla hata hatujaketi hapa, ni uovu, na mimi siwezi kupata shahada juu yake."

"Watiri," Mbae akasema polepole.

Watiri hakumtazama. Akatoa bahasha, akagawa nakala. "Hizi ndizo za zamani, kumi, kama zilivyoandikwa. Zile kumi za darasa nitazileta mchana. Nambari moja ni mimi, makosa ishirini na tisa, msiogope kuyahesabu."

Mtahini akavaa miwani, akapekua. Akaguna. Akacheka kidogo kwa pua, si kwa dharau. "Haya! Sasa huu ni utafiti." Akachomoa ukurasa mmoja, akaugeuza juu chini kama anayetafuta mlango wa kuingilia. "Hii nambari kumi na saba ni kiboko. Isomwe, kikao kisikie. Msimamizi, desturi ni wewe usome ushahidi wa mwanafunzi wako."

Alikuwa hajui. Watiri aliapa baadaye kwamba yule mama alikuwa hajui kitu, na mimi namwamini.

Mbae akaupokea ule ukurasa. Ulikuwa mwandiko wake mwenyewe, miaka kumi na tisa nyuma, kabla ya chuo kuwa na kompyuta za Kiarabu. Akakohoa, akaanza kusoma, na alisoma vizuri sana. Baada ya maneno manane akatua, akavuta pumzi.

"Hapo hakuna nukta, Daktari," Watiri akasema.

Akaendelea. Neno moja akalitamka kama linavyotakiwa.

"Halikuandikwa hivyo. Soma lilivyoandikwa."

"Watiri, inatosha," mmoja wa wajumbe akasema.

"Haitoshi. Sampuli isomwe ilivyo, au isisomwe." Akamgeukia yule mjumbe. "Nimesahihishiwa mara moja wiki hii. Sitaki mara ya pili."

Mtahini akatikisa kichwa kukubali. "Ana haki. Soma kama ilivyo."

Basi Daktari Mbae akasoma. Akasoma mistari kumi na moja bila kutua, kila kosa mahali pake, na kila kosa lilisikika. Jasho lilimtoka puani. Alipofika mwisho pumzi ilikuwa imemwishia, na mtahini akauliza, kwa nia njema kabisa, huyu mtu alipitaje.

Macho yote yakamgeukia Watiri. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, limekaa tayari, na hasira ilimwambia litoe.

"Nina nambari tu," akasema. "Majina niliahidi kutoyataja."

Wakamtoa nje, wakamwita tena baada ya nusu saa. Amepita, kwa sharti moja. Makosa yote yarudishwe kama yalivyokuwa kabla ya tarehe thelathini, na msimamizi, ambaye kazi hii ilipitia mikononi mwake, atie sahihi kila ukurasa wa sampuli kuthibitisha kwamba makosa yamo. Mtahini alitaka kila neno la sharti hilo liingie kwenye kumbukumbu. Labda alikuwa ameanza kujua.

Jumatatu iliyofuata Watiri alipeleka kurasa ishirini ofisini kwa Mbae. Mbae alikuwa na faili la Watiri la kwanza mbele yake, na kalamu, na alifanya kazi kimya, akilinganisha mstari kwa mstari. Makosa yamo, sahihi. Makosa yamo, sahihi. Alipofika ukurasa wa mia na kumi na nne kalamu ikasimama.

"Hii sentensi yako."

"Ndiyo."

"Kurudishwa darasani. Ni kali."

"Ni kali," Watiri akakubali. Alikuwa ameifikiria tangu Ijumaa. Kingori alikuwa amemwambia kwamba siku zile Mbae alijifunza kwa vitabu viwili vilivyochanika na redio, bila mwalimu wa kumwonyesha nukta inawekwa wapi. Mtu wa namna hiyo hakustahili kuandikiwa vile, na Watiri alilijua hilo na lilimwuma. "Naweza kuifuta."

Mbae akainua macho. Kwa mara ya kwanza tangu Watiri amjue, uso wake ulikuwa unaomba.

"Ofisi bado haijampigia Tabby kumwondolea lawama," Watiri akasema. "Shuka kwake. Umwambie si yeye, na useme mbele ya wateja, vile ulimlaumu mbele ya kikao. Halafu rudi hapa, nitaifuta huku unaona."

"Kwa mtu wa kuprint?"

"Kwa Tabby."

Mbae alitazama dirishani. Nje mvua ndogo ilikuwa imeanza. Watiri alingoja, na kwa kweli alitaka aseme ndiyo, alitaka sana.

"Mimi ni mkuu wa idara, Watiri," Mbae akasema. Akainama, akatia sahihi.

Watiri alizichukua zile kurasa, akashuka nazo mjini, akapanda ngazi za agroveti mpaka kwa Tabby, barua ya chuo iwe au isiwe. Tabby akazipanga, safari hii upande ulio sawa. Akasimama kwenye ukurasa wa mia na kumi na nne, akaweka kidole juu ya sahihi.

"Hii jina si ni ya Daktari? Na hapo juu yake imeandikwa nini?"

Watiri akavuta kiti, akaketi, akamsomea neno kwa neno.